Mkanda wa Trombone

Jumamosi moja ya mwaka 1953, kijiweni katika mtaa uitwao Kenya, mbele ya cherehani ya fundi Kapya, habari ilikuwa moja: pumzi ya Liévin. Kesho yake ndiye angeanzisha wimbo wa kumsindikiza bibi arusi, Mimi, toka kwao hadi kanisani. Naye Liévin, ambaye wote walimwita Trombone, kila akifika mstari mrefu, sauti ilimkatikia katikati. Albertine, muuza kahawa wa hapo, aliwamiminia wanaume kahawa huku ameuma ulimi. Wimbo huohuo yeye aliuimba kila asubuhi akitoka bombani, ndoo kichwani, na haukukatika. Alishaomba aanzishe yeye. Walimcheka!

— Kifua iko kama chambre à air ya baiskeli, alisema Kapya. Ukiiacha wazi, mupepo inatoka. Njo maana nilimushonea mukanda.

Liévin, mbavu zimebanwa na mkanda huo wa turubai, aliitikia kwa kichwa tu.

— Mukanda bule! alidakia Mwaba, Masini kwa jina la kijiweni, mtia makaa wa treni ya Sakania. Masini inakimbia na mvuke. Anywe maji ya kuchemuka!

— Haraka haraka haina baraka, baba Masini, alisema Kapya. Ataungua ulimi.

— Basi alale siku tatu. Pumzi itajichunga mu mifupa.

— Arusi iko kesho! alisema Albertine. Ya Liévin, kaka, fungua ile mukanda. Miye nikibeba ndoo, ninavuta pumzi hatua ine, ninaitoa hatua munane.

— Mama Kahawa, pumzi yako iko ya kupuliza mbabula, alisema Mwaba akiliangalia jiko lake la makaa.

— Na kahawa munakunywa, moto yake nani alipuliza? Masini?

Kabla hawajamjibu, Mimi akatokea, nywele nusu zimesukwa.

— Jambo, ba baba. Ya Liévin, njia ya kanisa iko ya kupanda. Ulisha kuimba ukitembea?

Mwaba alichungulia kikombe chake. Wiki tatu nzima Trombone alijifunza akiwa ameketi kwenye benchi hilihili.

Liévin akasimama, akaimba, akatembea. Hatua ya nne, pa! Kifungo cha mkanda kiliruka, kikazama katika kahawa ya Kapya.

— Munipe kahawa ingine! alisema Kapya.

— Imeisha, alisema Albertine. Na maji vilevile.

Akampa Liévin ndoo moja, yeye akabeba ya pili, wakaenda bombani. Wakati wa kurudi, wimbo ulitangulia kufika. Kwenye mstari mrefu sauti moja ilikatika. Ya pili, ya Albertine, ilipanda nao mpaka kijiweni, ikautua pamoja na ndoo, tone lisimwagike.

— Kesho anzisha weye, alisema Liévin, akihema na kucheka. Miye nitaitika.

Mimi alikwisha kuanza kucheza. Kapya akakipangusa kifungo, akampima Mwaba tumbo kwa macho, kama mteja mpya wa mkanda.