Garifalia Tzanaki, Mchumaji wa Diktamo

Wasikilizaji wapendwa, leo sitaanza na muziki. Garifalia Tzanaki amefariki. Mchumaji wa diktamo wa hapa kwetu Krete alifariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Diktamo mnaijua, ule mmea wetu wa chai na dawa. Majani yana manyoya kama sikio la mwanakondoo. Haitaki shamba. Inataka jabali, ufa wa mwamba, mahali ambapo hata mbuzi anasita. Mama Garifalia aliifuata huko miaka arobaini na miwili, kamba kiunoni, mkasi shingoni. Alikata vitawi tu. Mizizi hakuigusa. Narudia: mizizi hakuigusa.

Na jabali lake hakulitaja. Wachumaji wetu hawataji. Ukiwauliza wametoka wapi, watakujibu, "Huko juu," na mazungumzo yameisha. Mimi nimezaliwa hapa. Nilijua kwamba halitajwi.

Miaka sita iliyopita alikuja studio hii. Alileta mkate mkavu wa shayiri, akanitania hewani: "Kula, kijana wangu! Sauti nene hivyo, kumbe mwenyewe mifupa mitupu!" Tulicheka sana. Nikanogewa. Nikalitaja jabali lile kwa jina lake, ili kipindi kipendeze. Yeye akanyamaza. Wengine wenu mlimsikia alivyonyamaza.

Jumamosi iliyofuata yakaja magari. Watu walipanda na mitaimbo, wakang'oa diktamo na mizizi yake, ili wakaipande kwenye vyungu varandani. Waling'oa hata vile vimaua vya mwambani ambavyo hakuna anayevitia kwenye chai. Kufika Jumapili jabali lilikuwa tupu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinifungulia, akanimiminia raki, pombe yetu kali.

"Mama, nimekukosea."

"Mdomo ninao, ningekukatiza," alisema. "Nilidhani utajizuia mwenyewe. Haya, kunywa uende."

Hakurudi tena redioni. Kamba yake alimpa jirani, afungie punda. Niliona aibu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Binti yake, Rodanthi, anasimulia: "Kila mwaka maua yanapochanua, mama alikuwa anakwenda chini ya jabali na darubini ya marehemu baba. Akirudi namuuliza, 'Vipi, mama?' Ananijibu, 'Mawe.' Halafu anapanda kitandani mchana kweupe."

Tulimzika juzi. Rodanthi, wajukuu, na majirani wote, poleni sana. Na sisi wengine, kila mwenye chungu kilichokauka varandani, ajiulize ule mmea aliutoa wapi. Mimi nimejiuliza miaka sita.

Wakati wa kugawa ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu pale kanisani, Rodanthi alinishika mkono kwa nguvu, akanikazia macho. "Waambie wasikilizaji wako kwamba pale jabalini hakuna kitu," alisema. Nilitaka kumuuliza kama diktamo imeota tena; safari hii nikajizuia.

Wasikilizaji wapendwa, pale jabalini hakuna kitu. Msiende.