Nani Amelilalia?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkurugenzi wetu, binti wa mzee aliyeanzisha kiwanda hiki. Wajumbe wa bodi. Mawakala mnaouza magodoro yetu. Wafanyakazi wenzangu wa kukata, kushona na kupakia. Na wewe Mama Pole, tunayekuaga leo: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote hamjambo.

Mniwie radhi kwa koti hili lenye makunyanzi. Nitalieleza mwishoni, nikijaliwa kufika. Mnivumilie pia nikihamahama hapa mbele, maana wiki hii nzima situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Mke wangu amefika mahali pa kuniambia nikajigeuzegeuze sebuleni, nimwache apumzike.

Nimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga Mama Pole, aliyekuwa akiwajibu wateja wetu tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Ya pili ni kubonyeza kitufe hiki, ili programu ya akili bandia niliyoifundisha mwaka mzima ianze kuwajibu badala yake. Kwenye ratiba, kazi zote mbili zimeandikwa kuwa ni furaha. Mbona basi mkono wangu unakikwepa kitufe?

Mawakala mnajua sauti ya kampuni hii. Mteja akilalamika, hajibiwi na ofisi, anajibiwa na mtu. "Pole sana, mwanangu. Nimelilalia godoro kama lako, na kweli linabonyea kiunoni." Sauti hiyo ni ya Mama Pole, na jina lake la utani limetoka humo. Na wengi wenu hamjui kwamba hiyo "nimelilalia" haikuwa pambo. Malalamiko yakija, mama huyu alikuwa akishuka stoo, anavua viatu, analitoa godoro la aina ile ile na kujilaza. Wapakiaji walizoea kumruka. Mzee mwenye kiwanda alimkuta siku moja amefumba macho saa za kazi, akamuuliza, "Wewe, unalala?" Akajibu, "Ndiyo, mzee, nipo kazini." Mzee akaondoka kwa kunyata.

Sasa, programu. Mwanzoni iliandika kama tangazo la benki: "Mpendwa mteja, malalamiko yako yamepokelewa na yanashughulikiwa." Mama Pole akasoma, akaniuliza, "Huyu ana haraka ya kwenda wapi?" Basi tukailisha majibu yake yote ya miaka yote. Tukaisahihisha, ikakosea, tukaisahihisha tena. Na ikashika. Ikajua wapi iseme "mwanangu" na wapi iseme "kaka yangu", wapi itanie na wapi inyamaze. Nilimwonyesha mama majibu mawili, lake na la programu, akashindwa kuchagua lake. Nilifurahi siku ile, nisiwafiche. Nilitembea kifua mbele hadi kwenye lango.

Kisha, kwa idhini ya kikao, tukairuhusu ijibu mteja mmoja wa kweli. Ni baba mmoja ambaye mkewe ametoka kufanyiwa upasuaji, hapati usingizi kwenye godoro letu, na ndugu wanasema anadeka. Programu ikamwandikia vizuri mno. Ikasema, "Nimelilalia mwenyewe mchana kutwa, na mbavu zangu zinamwamini mkeo." Yule baba akajibu: "Ahsante, mama, kwa kulilalia. Nimemsomea mke wangu, amelia. Sasa ana mtu wa kumwamini."

Nikampelekea Mama Pole nikidhani atafurahi. Akasoma, akavua miwani, akauliza, "Nani amelilalia?"

Ndugu wageni waalikwa, swali hilo ndilo linalonihamisha kiti hadi kiti. Programu haikukusudia kudanganya. Tuliifundisha maneno, na haina mgongo wa kujilaza. Lakini mwanamke yule alilia kwa ajili ya mbavu za nani? Mkurugenzi, uliniambia niifute kwenye programu sentensi ile ya "nimelilalia", na niliifuta. Majibu yakarudi kuwa tangazo la benki. Kumbe kila neno zuri la mama huyu lilikuwa linatoka pale stoo, alipojilaza.

Kwa hiyo nasema mbele ya wote, na nikipoteza kazi nitajua nimeipotezea nini: kitufe hiki sitakibonyeza leo. Programu ni nzuri, nimeilea mimi, na iandike. Ila kwanza apatikane mtu wa kuvua viatu, ashuke stoo, alale, ndipo aiambie programu alichokisikia mgongoni. Naomba nafasi hiyo iajiriwe. Mpaka iajiriwe, nitalala mimi. Naona Mkurugenzi unatazama saa, namalizia.

Mama Pole, umetufundisha bila kutuita darasani. Yule mama mgonjwa tulimpelekea godoro jipya, na najua wewe ndiye uliyelilalia kabla halijapakiwa, maana mlinzi hajui kutunza siri. Roho yangu ilitua kidogo nilipoambiwa.

Zawadi yako ni hilo godoro lenye utepe hapo mlangoni, aina yetu bora kuliko zote. Leo asubuhi, kabla hamjafika, nilivua viatu nikajilaza juu yake, na koti nimesahau kulivua. Ndiyo sababu ya makunyanzi haya. Pole sana, mama yangu. Nimelilalia mwenyewe, na kweli linabonyea kiunoni. Utepe tutaufungua, na kesho nitakuletea jingine.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa naweza kukaa.