Maji ya Moto Niliyoyaita Maombi

Ndugu zangu katika Kristo, Bwana apewe sifa, hata na mdomo kama huu wangu uliomsingizia mbele yenu.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye yule mama mzee wa felti hapa Kasese, mwenye nyumba ya bango la studio ya sufu karibu na kambi ya askari. Miaka iliyopita nilisimama katika kanisa hili nikashuhudia kwamba Mungu ametia upako katika mikono yangu. Mlipiga vigelegele. Nikaitwa tena Jumapili iliyofuata nirudie. Leo naandika kwa mkono huo huo kwamba ule ushuhuda ulikuwa uongo. Asiyetaka kusoma zaidi aache hapa.

Nilizaliwa Maliba. Shule nilifika darasa la pili, nikatolewa ili kaka zangu waendelee. Waliendelea, wakajifunza kuniita mjinga kwa lugha tatu. Mume wangu alikuwa askari. Alihamishiwa kaskazini, akaoa huko, akawa ananitumia salamu kwa watu. Salamu haziliwi. Nikabaki na watoto wanne, nikaenda Nyakalengija kuwafulia nguo wageni wanaopanda mlima.

Siku moja nilifua sweta ya sufu ya mama mmoja mgeni. Ilikuwa na tope la kule juu, nikaona maji baridi hayataiweza. Nikachemsha maji, nikaisugua kwa sabuni kama ninavyosugua suruali ya mpagazi. Ikajikunja, ikakaza, ikawa ya kumtosha mtoto mchanga. Nilijua kazi imekwisha. Lakini yule mama alicheka mpaka akaketi chini. Akanieleza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba kwao kuna watu wanafanya hivyo kwa makusudi. Wanapanga sufu iliyochambuliwa, tabaka moja limelala huku, la pili linakatiza juu yake. Wanamwagia maji ya moto na sabuni, wanasugua, wanaviringisha kwenye mkeka, wanapigapiga, mpaka nyuzi zinashikana zenyewe bila sindano. Hiyo ndiyo felti. Alinifundisha siku mbili, akaenda zake. Hakunidai hata asante.

Nikaanza. Kondoo wa kwetu wana nywele kama za mbuzi, kwa hiyo sufu niliitafuta mpaka Kabale. Nikatengeneza kofia za wapagazi, ndara za ndani, na mablanketi madogo ya watoto kwa akina mama wa Bwesumbu, maana baridi ya kule haina huruma. Nikajenga nyumba. Hakuna aliyenipa hata tofali. Kisha wanawake wakaja kutaka kujifunza, wake za askari, wakimbizi kutoka Beni, Kongo, hata wasichana wenye vyeti. Nikafungua darasa.

Ndugu zangu, hapo ndipo hofu iliponiingia. Msichana mmoja alikuja na daftari, anaandika kila ninachosema. Nikamtazama nikajiambia, huyu mwaka ujao atakuwa na bango kubwa kuliko langu. Aliyesoma ana cheti. Asiyesoma, siri yake ndiyo cheti chake. Basi nikaificha.

Niliwafundisha kila kitu isipokuwa moto. Niliwaambia maji ya moto huua sufu. Wakafanya kazi kwa maji ya mtungi, na kazi zao zikatoka laini, zimeshikana nusu. Nikawaambia, "Ziacheni hapa, nitazimalizia kwa maombi." Wakishaondoka nazipeleka jikoni, nafunga mlango, naweka sufuria kwenye sigiri ya mkaa. Kesho yake wanazikuta zimekaza kama ngozi. "Mama, wewe una mikono," wakasema. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa kutamu. Baadaye nikaja hapa kanisani nikawaambia na ninyi, na hapo sikunyamaza tena. Watu wakaanza kuniletea watoto wenye homa niwashike vichwa. Niliwashika. Mungu anirehemu, niliwashika.

Kati ya wanafunzi wangu alikuwa Kavira, mkimbizi wa Beni, Mkatoliki, mwenye mtoto wa kunyonya. Hakuwa na ada, kwa hiyo aliniosheа sufu zangu na kuzichambua miezi mitatu. Hakuna aliyekuwa na vidole kama vyake. Alipomaliza alikwenda Bwera, mpakani, akapata nafasi sokoni kati ya Wakongo wenzake, akauza ndara na mablanketi. Mvua ya kwanza ikanyesha. Ndara zikafumuka miguuni mwa watu. Wakaja kumtupia vipande vyake mezani na kumwita mwizi.

Akaja kwangu Kasese. Alipiga magoti mlangoni, mtoto mgongoni.

"Mama, minakuomba, bariki mikono yangu. Banasema niko mwizi. Minafanya vile ulinifundisha, lakini haishikani."

Ndugu zangu, sufuria ilikuwa inachemka jikoni wakati huo huo. Ningeweza kumshika mkono nimpeleke hatua kumi. Sikumpeleka. Niliweka mikono yangu juu ya mikono yake, nikafunga macho, nikaomba kwa sauti mpaka jirani akaitikia amina. Kavira alilia, akashukuru, akarudi Bwera kujaribu tena kwa maji baridi.

Miezi ikapita. Mwanafunzi wangu mmoja, Akello, mke wa askari, alikuwa amekwenda Bwera kununua vitenge. Aliporudi alisimama katikati ya darasa, na yule mama hajui kunong'ona.

"Mama, sikiliza. Ile Mukongomani yako, Kavira, iko mbaya. Inasema ulibariki mikono yake na bado ikakataa, basi mikono iko na laana. Mtoto hashiki. Wifi yake ndiye anaoga mtoto, anabeba mtoto. Yeye ananyonyesha tu, mikono nyuma, namna hii."

Akatuonyesha, mikono nyuma kama mfungwa. Wanawake wakanitazama. Mmoja akasema, "Mama, nenda umwombee tena."

Siku ile sikula. Nilikwenda kwa mchungaji tuliyekuwa naye wakati ule, nikamwambia yote. Alinisikiliza vizuri, halafu akasema, "Mama, ushuhuda wako umeleta watu wengi. Ukiubomoa unabomoa na imani yao. Tubu kimya kimya. Mungu anasikia hata mnong'ono."

Nikamwuliza, "Na Kavira, ataisikia minong'ono yangu kutoka Bwera?"

"Yule ni Mkatoliki," akasema. "Ana padri wake."

Nilitoka pale nina uchungu, lakini nikaona ninachokasirikia kwake ni kile kile nilichokuwa nacho mimi. Kila mmoja wetu alikuwa analinda bango lake. Nikalia njiani, mimi ambaye sikulia hata mume aliponiacha. Nikamwambia Mungu, nipe miguu tu, maneno nitayatafuta huko huko.

Asubuhi nikafunga sigiri, sufuria, mkeka, sabuni na sufu, nikaenda Bwera. Nilimkuta Kavira ameketi nyuma ya meza ya wifi yake muuza samaki. Nikawasha moto palepale, watu wanatazama.

"Kavira, lete mikono."

"Hapana, Mama. Mikono hii haifai kushika kitu ya mutu."

Nikasema kwa sauti, ili soko lisikie, "Mikono yako haina laana. Yangu haina upako. Nilikuficha maji ya moto."

"Maji?"

"Maji."

"Maji ya moto tu?"

Wifi yake akaacha samaki. "Ee, kikongwe wewe, umezungusha mutoto wa watu mwaka muzima juu ya maji?" Watu wakacheka, na walikuwa na haki.

Kavira hakucheka. Alivuta sufu, akapanga matabaka yake polepole. Nikamimina maji. Yalimchoma, akarudisha mikono, kisha akaiingiza tena. Akasugua, akaviringisha, akapigapiga kwenye meza mpaka samaki wakaruka. Kipande kikaanza kujikaza mbele ya macho yake. Alikivuta kwa nguvu zake zote. Hakikuachia. Akaitazama mikono yake ndani na nje, akaipangusa kwenye kitenge, akamwendea wifi yake, akamchukua mtoto.

Nilidhani sasa tutakumbatiana. Nimezeeka lakini bado nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Akaniambia, "Mama, nilikupigia magoti. Wewe ulifunga macho ukaomba. Ulikuwa unamwambia Mungu nini?"

Nikainama kukusanya vitu vyangu.

"Sasa uende," akasema. "Sigiri uache."

Nikaiacha.

Ndugu zangu, hayo ndiyo yaliyotokea. Niliporudi niliwaambia wanafunzi wangu. Wengi waliondoka, wakadai miezi yao niliyoipoteza, na sikuweza kuwarudishia. Akello alibaki, ananitukana na kufanya kazi. Wale niliowashika watoto wao vichwa hawanisalimu barabarani. Kavira sasa anafundisha wanawake Bwera, na wanafunzi wake ni wengi kuliko wangu. Nikipita sokoni anageuza uso. Mungu amenisamehe, Kavira hajanisamehe. Hizo ni habari mbili, na anayewaambia ni moja hajawahi kumkosea mtu sawasawa.

Lakini nimefunguliwa, na hilo nalishuhudia bila haya. Mlango wa jikoni kwangu nimeung'oa bawaba. Nilivyokuwa naogopa wanafunzi, nikiwasikia wakija nafunga mlango kama mwizi! Sasa wakija naona wanawake tu, wamechelewa kama kawaida. Mungu aliyenitoa katika hofu ile namshukuru asubuhi na jioni, hata siku ambazo Kavira amenigeuzia uso.

Na ili nisirudi nyuma, naiweka siri hapa kwa maandishi, kila mtu aisome: maji yawe ya moto kiasi kwamba mkono unarudi mara mbili kabla ya kukubali, sabuni isiwe nyingi, matabaka yakatizane, na usiache kuviringisha mpaka kipande kimepungua kama theluthi. Anayetaka kuona kwa macho aje, siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Wewe unayesoma, kama una kitu umekifungia ndani kwa kuogopa kwamba Mungu hana chakula cha watu wawili, mtumaini ukifungue. Hatakuahidi kwamba utapendwa. Mimi niliamini nikitoa siri yangu nitakufa njaa. Nimeitoa yote, na asubuhi hii nimekunywa uji wangu nikashiba.