Chupa Kumi na Tisa za Mama Gando

Fadhila Nassoro, Kidato cha Nne, kwa niaba ya Klabu ya Baiolojia

Leo ni Ijumaa, tarehe 26 Septemba 2025. Nimepewa ukurasa mmoja katika ratiba hii ya kuagana, na naahidi kueleza yote, hata yale niliyoombwa niyaache.

Mama Prisca Msangi, mhudumu wa maabara, anastaafu leo baada ya miaka thelathini na miwili katika shule yetu hapa Same. Aliajiriwa mwaka 1993 kufagia na kuosha vyombo. Baiolojia aliisoma akiwa amesimama nyuma ya darasa, ndoo mkononi.

Sisi humwita Mama Gando, kwa jina la koleo la kaa. Same ni pakavu, kaa wa mtoni hawapatikani, kwa hiyo alianzisha utaratibu wake: anayetoka milimani alete kaa mmoja akitoka likizo, ndani ya ndoo yenye maganda ya mgomba yaliyoloweshwa. Likizo inayofuata kaa hurudi na mwenyeji wake kwenye mfereji uleule alikotolewa. Aliyekufa ndiye huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhi na kubandikwa karatasi: alikotoka, dume au jike, tarehe. Wa kwanza Mama alimleta mwenyewe kutoka kwao Shighatini.

Kwa chupa hizo tuliwaelewa gegereka, yaani jamii ya kaa, kamba na wenzao. Tuliona kichwa na kifua vilivyoungana chini ya gamba moja, na matamvua anayopumulia kaa. Tuliona mkia uliokunjwa chini ya kifua, wa jike mpana, wa dume mwembamba. Swalehe wa Kwakoa, ambaye hakuwahi kuona kaa, alisema kwa sauti, "Mama, huyu si buibui aliyevaa kofia ngumu?"

Darasa zima likacheka. "Buibui ana vipapasio, baba?" Mama akamuuliza. "Hesabu kwanza, ubishi baadaye." Swalehe akahesabu jozi mbili kichwani mwa kaa, akaziandika.

Siku hiyohiyo Mama aligeuza jiwe karibu na bomba, akatuonyesha yule mnyama mdogo wa kijivu anayejikunja kama kidonge. Kwenye jaribio sote arobaini tulikuwa tumemwandika mdudu. Ana miguu saba kila upande. Mdudu ana mitatu. Kumbe naye ni gegereka, aliyehamia nchi kavu. Tulikosa wote, na hakuna aliyesahau tena.

Sasa niseme lile jingine. Jumanne ya wiki iliyopita tulitarajia wageni, na ofisi ikaagiza maabara isafishwe. Mama alikuwa ameruhusiwa kwenda kufuatilia karatasi zake za kustaafu. Aliporudi alikuta chupa kumi na tisa kati ya ishirini na sita zimetupwa shimoni, eti zinanuka. Hakuna aliyemuuliza. Kazi ya miaka thelathini na miwili ilimwagwa kabla ya chai ya saa nne.

Mwalimu wa zamu, ambaye nimeshauriwa nisimtaje, alimwambia, "Mama, hao ni kaa tu. Mtoni wamejaa."

"Wamejaa, mwalimu," alijibu. "Ila kule hakuna aliyewaandika."

Kisha akachukua ufagio, akaokota vioo shimoni asije mtoto akakanyaga. Waliovunja walikuwa ukumbini wanapanga viti.

Mwalimu Tausi, anayetufundisha Kiswahili, alinielekeza kwamba maandishi ya kuaga yawe ya furaha. Nisamehe, Mwalimu. Nimejaribu mara tatu, na mara zote hasira imetangulia. Juzi tumesikia pia kwamba kabati lenye chupa saba zilizobaki litapelekwa ofisini kuwekwa vikombe vya michezo, na kwamba nafasi ya Mama haitajazwa mwaka huu.

Mama Prisca, shikamoo. Asante kwa kutufundisha kuangalia kabla ya kusema. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na magoti mazima ya kushukia mtoni kila utakapo. Tukipata A ya baiolojia katika mtihani wa Novemba, ujue sehemu kubwa ni yako.

Nawe, Mkuu wa Shule, kwa heshima zote, naomba utujibu leo hapahapa ukumbini, kabla hatujatawanyika. Jumatatu Kidato cha Tatu wanaanza kusoma gegereka. Je, watalikuta kabati la Mama Prisca maabara?