Rada Kasimama Tena

Ungetaka kuona mtu mzima aliyenuna mpaka masikio, ungepita Shauri Moyo Jumamosi ile alasiri, pale kwenye benchi la Mama Jacky, muuza kahawa, ubavuni mwa nyumba kuukuu za kanjo, yaani baraza la jiji, kabla hujashuka soko la Gikomba. Makokha alikuwa amekaa pembeni, kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi, kamba ya mbwa wake imefungwa kwenye mguu wa benchi. Mbwa mwenyewe aliitwa Rada, mwembamba, madoadoa, ndio kwanza anatoka utotoni. Makokha, kibarua wa kiwanda cha magodoro kule Indastri, alimlea kwa maziwa ya pakiti, akamfundisha kunusa soksi iliyojazwa manyoya ya ndege, akatangazia kijiwe kizima kwamba wimbi ukivunwa kwao Bungoma na kware wakishuka mashambani, mjomba Wanyonyi ataona mbwa wa Nairobi anavyowinda. Wimbi ukavunwa, Makokha akaenda. Sasa alikuwa amerudi, na hasira zake zilikuwa hazijapata pa kukaa.

— Hebu rudia hapo, alisema Githinji. Huyu walimwita Jaji, kwa sababu aliwahi kuitwa kortini kama shahidi na tangu siku hiyo hajanyamaza. — Ati alisimama?

— Alisimama! Makokha alifoka. — Manze, watu wametandaza nyavu huko mbele, mbwa wa mjomba wanaruka ndani ya mabua wanafukuza ndege waingie kwa wavu. Huyu wangu ananusa, ananusa, halafu tii! Mguu mmoja juu, mkia umenyooka kama mwiko. Hasongi, habweki. Namwambia "Shika!" wapi! Namsukuma matako, wapi!

— Mguu juu?

— Juu, Jaji! Mbele ya wajomba zangu wote!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Jaji alitoa hukumu. — Huyo alikuwa ameshaliinua, anangoja tu livunjike.

— Na mjomba akasema? aliuliza Mbuthia, fundi wa viatu, ambaye hata mkewe alimwita Soli. Gunia lake lilikuwa chini ya benchi, mdomo umefungwa kamba. "Ni viatu vya wateja," alikuwa amesema alipofika, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

— Akasema nimemletea sanamu. Ati nirudi nayo Nairobi niiweke raundabauti, magari yaizunguke.

Mama Jacky aliguna, akammiminia nyingine bila kuombwa. Mambo ya wajomba ni mazito, hayataki kikombe kimoja.

— Ngojeni, hiyo si yote. Nikamburuta kwa kamba nimtoe hapo. Hatujafika mbali, prrr! Ndege kundi zima wanaruka nyuma yetu, hao, wameenda. Nikasema sawa, mkosi. Nikampeleka kwingine, akasimama tena. Nikamburuta, prrr! Nyuma yetu tena! Mchana kutwa, jamani! Binamu zangu wamecheka mpaka wamekaa chini. Nyavu ziko mbele, ndege wako nyuma, na mimi niko katikati na hii takataka!

Alisema takataka, na moyo ukamuuma palepale. Usiku uliopita takataka hiyo ililala juu ya buti zake za kazi, na asubuhi Triza, mkewe, alikuwa amemwambia, "Ukimtoa huyo mbwa, chai ya nyumba hii utajipikia." Lakini mwanaume akishachekwa na ukoo wake hasikii la mke. Alikuwa ameshampigia simu Burale, mlinzi wa godauni moja huko Indastri, aje amchukue Rada leo hii. Angefungwa mnyororo getini, na maisha yake yangekuwa hayo tu.

— Shida ni chakula, Soli alisema. — Umemlisha omena tangu utoto. Mbwa wa omena utampelekaje kwa ndege? Huyo ungempeleka ziwani, bana.

— Zii, ni malezi, Mama Jacky alidakia. — Na msinitazame mimi! Mimi nilimpa adabu. Kila akinyemelea kuku wangu, ndala ya kichwa, "Simama hapo hapo!" Na ploti nzima, wapangaji wote, ilifanya hivyo. Mnajua wenyewe, mbwa akigusa kuku wa mtu hapa, kesho anakula nyama yenye dawa. Mbona leo yuko hai?

— Adabu gani hiyo ya kunivua nguo Bungoma?

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Si mlimlea nyinyi!

— Tulieni, Jaji aliinua mkono. — Huyu mbwa ni mpangaji. Kazaliwa kwa nyumba za kukodi, analelewa kwa nyumba za kukodi. Akiona ndege anajua lazima ana lendilodi. Alikuwa anangoja mwenye ndege atoke ampe ruhusa.

— Wacha wewe! Soli alisogea mbele, macho yamemtoka. — Mguu juu, kimya, hapepesi? Huyo anapiga picha. Kuna watu ng'ambo wanatafuta siri ya kware wetu. Mwenda pole hajikwai, hivyo ndivyo majasusi wanavyotembea.

— Jasusi anakula omena? Makokha aliuliza.

— Ndiyo maana hukumshuku!

— Mbona mnazunguka? Jaji alipiga goti. — Mbwa huyu alishawahi kuwa mtu. Alikuwa polisi wa barabarani, akafa, akarudi hivi. Anasimamisha! Kazi yake ni kusimamisha! Alikuwa anangoja hao ndege watoe kitu kidogo!

Watu wawili waliokuwa wakipita na marobota ya mitumba walisimama wakacheka. Makokha hakucheka. Alitazama chini, na hasira zikampanda upya, kwa maana Rada alikuwa amefanya tena. Mguu juu, mkia umenyooka, pua imelielekea gunia la Soli, na mwili wote unatetemeka kidogo kidogo.

— Muoneni! Muoneni huyu mjinga! Sasa anasimamia viatu!

— Viatu vina jasho la miguu, Soli alisema haraka, akalisukuma gunia nyuma kwa kisigino. — Mtoe hapo, bana. Atachana bidhaa ya watu.

Makokha alivuta kamba. Rada alisogea kidogo kwa kulazimishwa, akazungusha shingo, pua ikarudi palepale.

Ndipo Burale akatokea, mrefu, koti la kazi begani, tochi kubwa imechomoza mfukoni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Jaji alimkaribisha. — Apone huyu mbwa!

Burale alisalimia kila mtu kwa mkono, akachutama, akamkuna Rada nyuma ya sikio, akafungua kamba kwenye benchi. Makokha aligeuza uso upande wa barabara.

— Mbwa msafi, Burale alisema. — Ana tabia gani?

— Husimama, Makokha alijibu.

— Basi?

— Basi. Mguu juu, kimya. Hiyo ndiyo kazi yake.

Burale alifikiri kidogo, kamba mkononi.

— Sawa, bwana. Lakini nielezeni kitu kimoja. Nikiwa pale getini usiku, akisimama hivyo, mimi tochi nimulike wapi?

Jaji alifungua mdomo. Kisha akanyoosha kikombe kwa Mama Jacky apate muda wa kufikiri, na Mama Jacky akalitikisa birika. Kahawa ilikuwa imeisha. Soli alikuwa anatazama viatu vyake, vile vya miguuni.

— Si umulike... Makokha alianza, na mkono wake ukanyooka wenyewe kule pua ya Rada ilikoelekea.

Ukabaki hewani. Akaliona shamba la wimbi. Akajiona anavyomkokota mbwa kwa shingo, anatukana, na nyuma yake, pale pale pua ilipokuwa imeelekea, prrr! Kila mara. Mchana kutwa.

Macho yote yalifuata mkono wake mpaka chini ya benchi. Gunia likatikisika.

— Ko, vikasema viatu vya wateja.

— Soli! Mama Jacky alipiga makofi.

— Ni wa Jumapili! Soli alilia kwa uchungu wa kweli. — Kuku mmoja! Ningewaambia, si mngekuja nyote na watoto wenu?

— Kwa hivyo nampeleka, ama? Burale aliuliza.

— Lete kamba, ndugu yangu, Makokha alisema. — Samahani kwa kukusumbua. Lete.

Kisha akaipokea, akawageukia wa benchi.

— Na nyinyi! Mmekaa hapa mkinywa na kunywa, polisi, jasusi, lendilodi! Hata mmoja wenu hakuinama aangalie!

— Na wewe? Jaji aliuliza polepole.

Makokha alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akasikiliza ikilia mpaka ikapokewa.

— Mjomba Wanyonyi? Nyavu msizikunje. Nakuja naye tena. Ndiyo, yeye yule. Chekeni tu. Lakini akisimama, mjomba, mtu asimguse.

Rada hakugeuka kusikiliza. Bado alikuwa amesimama mbele ya gunia la Soli, mguu juu, anangoja mtu afanye kazi yake.