Bahasha Iko Wapi?

Mvua ilikuwa imeingia na watu ndani ya basi la kwenda mtaa wa Govan. Senga, karani wa ofisi ya kupangisha nyumba, aliketi nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, akijifanya anatazama dirishani.

"Natoka mahakamani, dada," alisema mwenye kofia ya sufu. "Sihami. Wale wa kituo cha sheria wamenitetea bure."

"Bure?" mwenzake aliguna. "Mama, rahisi huvunja upishi."

"Ngoja basi. Mzee wa mapokezi pale kituoni, Bwana Baird, hata barua ya kunihamisha hakuitazama. Kaniuliza, bahasha iko wapi? Nikarudi mbio nyumbani kufukua pipa la taka, nikaikuta imejaa majani ya chai. Muhuri unasema ilitumwa Jumatatu, na wale wa ofisi ya nyumba siku zangu za kuhama wamezihesabu tangu Ijumaa walipoiandika. Wakili wa kituo, binti mmoja viatu vimelowa chapachapa, akamwonyesha hakimu kwamba siku hazikutimia. Kesi ikafutwa."

"Kesho watakuandikia nyingine."

"Waandike. Nitaitunza na bahasha yake."

"Kwa hiyo utaishi kwa bahasha?"

"Nitaishi kwangu."

Senga aliubana mkoba wake. Ndani mlikuwa na barua tisa za kuhamisha wapangaji. Alizipiga chapa Ijumaa, akahesabu siku tangu Ijumaa, na bosi alitaka ziende posta leo.

Basi lilisimama. Wale wawili walikuwa bado wanabishana aliposhuka. Alitembea hadi kwenye sanduku la posta, akalipita.