Mto Nilioupindisha Juu ya Maporomoko

Sogeeni karibu na kitanda, wanangu, mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni kidogo na neno lenyewe ni zito.

Baba yetu alipotugawia ardhi, mimi mkubwa nilichagua tambarare ya juu, mto unakopita kabla ya kujitupa baharini, na mama yenu mdogo akaachiwa miamba ya chini. Nilimcheka. Kisha wageni wakaanza kuja, na kumbe maporomoko marefu namna ile hutazamwa kutoka chini, pale maji yanaposhuka kwa mkupuo mmoja kutoka jabalini hadi kwenye mawimbi. Mdogo wangu akachonga ngazi, akaweka vyuma vya kushikilia, akanunua makoti ya mvua ya kuwavisha watu. Wakawa wanapita mlangoni kwangu bila hata salamu, wanateremka kwake wakishangilia.

Wivu ulinila, wanangu. Nyinyi mlidhani naumwa tumbo. Siku aliyotarajia mabasi mawili ya wageni, niliamka mapema, nikajaza mchanga kwenye magunia, nikaupindisha mto uingie bondeni. Maporomoko yakakauka, ukabaki mwamba mtupu unaochuruzika kama pua ya mtoto. Nilikaa jikoni nikiusikiliza ule ukimya, na ulinipendeza.

Alipanda kutazama kulikoni, akayaona magunia. Akiwa anarudi chini aliteleza, akavunjika nyonga. Ndiyo maana anachechemea hadi leo. Nilipofika hospitali alinivuta sikio, akaninong'oneza, "Dada, nenda ukayatoe yale magunia kabla watu hawajayaona."

Basi. Hakunisema kwa mtu, hata kwa mumewe. Nami, badala ya kulia, nikamwonea wivu upya, safari hii kwa moyo wake, kwamba mimi sikupewa kama huo.

Sasa shikeni hili. Ardhi ya juu na mto wake nampa yeye. Usinune, mwanangu wa kati. Nyumba hii inawatosha. Na Mungu awajalie kufurahi mwenzenu anapofurahi, maana mimi... hata sasa, nikiwasikia wageni wake, kifua kinaniwaka.

Nendeni mkamwite. Nataka kumwomba radhi kwa mdomo wangu, mbele yenu. Mwambieni asiharakishe... nitamngoja. Na pale kwenye utelezi... mshikeni mkono... mshikeni vizuri...